Ubongo na Barabara za Ngamiani

Assalaam aleikum, na habari za jioni. Nashukuru kualikwa hapa maktaba. Vijana wa uuguzi mliosimama nyuma, huku mbele viti vipo.

Mwaka 1909, Wajerumani wakiwa bado wanatawala Tanga na reli yao haijafika Moshi, daktari Korbinian Brodmann alichapisha kwao Ujerumani ramani ya gamba la ubongo. Alitazama kwa darubini jinsi seli zilivyopangika, akayapa maeneo namba, kama barabara zetu za mtaa wa Ngamiani hapa Tanga. Namba hizo madaktari wanazitumia hadi leo. Ila Ngamiani ukiitazama kwa juu, bati ni bati tu. Nyumba ya mama lishe na ya fundi cherehani utazijua ukiingia ndani.

Kwa ubongo, kuingia ndani ndiko kusoma jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Seli ya ini na seli ya ubongo zina jeni zilezile, kama 20,000. Zinatofautiana kwa jeni zilizowashwa. Jeni ikiwaka hutoa nakala za RNA, nazo ndizo zinazosakwa. Taasisi ya Allen ya Seattle, iliyoanzishwa 2003, ilikata bongo za panya vipande vyembamba kuliko unywele, ikavitia vinasa vya RNA, jeni moja baada ya nyingine, hadi 2006. Ndipo mipaka iliyojificha ikajitokeza. Sehemu ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, iitwayo CA3, ambayo kwenye darubini huonekana kitu kimoja, mwaka 2008 ilionekana ina maeneo 9.

Kwa binadamu mambo hayakunyooka hivyo. Ramani ya 2012 ya taasisi hiyohiyo, iliyotokana na bongo mbili za marehemu zilizochukuliwa sampuli karibu 900, ilionyesha kuwa ubongo mdogo wa kisogoni una mpangilio wake wa jeni zilizowashwa, huwezi kuukosea. Gamba lenyewe? Linafanana mno, na majirani hufanana zaidi. Kwa hiyo mzee Brodmann bado hajastaafu.

Najua kuna mtu ana swali la ubongo wa kushoto wa hesabu na wa kulia wa sanaa. Watafiti wa ramani hiyo ya 2012 walilinganisha pande zote mbili, hawakuona tofauti ya maana katika jeni zilizowashwa. Lugha kwa watu wengi hukaa kushoto, hilo ni kweli, lakini ramani hii haituonyeshi kwa nini. Wenye semina za kuamsha upande wa kulia watanisamehe.

Na tukumbuke, RNA hiyo ni ya marehemu. Inatuambia seli zilikuwa za aina gani. Mtu alikuwa akiwaza nini, haituambii.