Filta ipi ya oili inachuja kweli? Tunakata mbili hapa Mtwara

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni gereji, hapa Mtwara mjini. Mezani nina filta mbili za oili, zote mpya, zote zinaingia kwenye Toyota Probox yenye injini ya 1NZ, gari ambalo kwetu huku linabeba kila kitu, kuanzia abiria wa Mikindani hadi magunia ya korosho. Kwa nje ni kopo la bati, rangi, na mpira wa duara. Lakini bei ya hii ya kushoto ni karibu mara tatu ya hii ya kulia. Kila wiki naulizwa swali lilelile: "Fundi, si zote zinachuja tu?" Ndiyo, zote zinachuja. Tofauti ni chembe za ukubwa gani zinakamatwa, na oili kiasi gani inapenya pembeni bila kupita kwenye karatasi ya kuchujia iliyo ndani ya kopo. Hamisi, sogeza kamera karibu.

Tuanze na namba, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwenye maelezo ya filta nzuri unaweza kukuta imeandikwa asilimia 99 kwa maikroni 20. Maikroni moja ni milimita moja uliyoigawa mara elfu. Zisome namba zote mbili kwa pamoja. Asilimia peke yake haina maana. Chandarua kinazuia mende wote, lakini mwaga unga juu yake uone. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi, na jicho letu halioni kitu kilicho chini ya maikroni 40. Chembe zinazoumiza injini zaidi ni zile za maikroni 5 hadi 20, kwa sababu zinapenya kwenye utando mwembamba wa oili kati ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na beringi zinazoushikilia, zikakaa humo zikisaga. Kwa hiyo fundi akichovya kidole kwenye oili na kukuambia "hii bado safi", hawezi kuwa ameziona.

Sasa piga hesabu na mimi. Chukua chembe 1,000 za ukubwa mmoja. Filta ya asilimia 99 inaachia 10 zipite. Ya asilimia 95 inaachia 50. Ukisikia 99 na 95 unaona zimekaribiana, kumbe uchafu unaopita ni mara tano. Ya asilimia 50 inaachia 500. Ni kweli kwamba pampu inazungusha oili, na gari likiwa safarini oili yote ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inapita kwenye filta mara kadhaa kwa dakika, kwa hiyo chembe iliyoponyoka mara ya kwanza inaweza kunaswa baadaye. Lakini kila inapoponyoka, inapita kwenye beringi kwanza.

Asilimia hizo zinapimwa maabara, kwa kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 4548-12. Wanachanganya oili na vumbi maalumu, wanaizungusha kwenye filta tena na tena, na mashine inahesabu chembe kabla na baada ya filta. Hapa gereji hatuna mashine hiyo, na sitawadanganya kwamba ninaweza kuipata asilimia kwa macho. Nawaomba pia msifuate ule mtindo wa kumimina oili juu ya filta mbili na kusema inayopitisha polepole ndiyo inayochuja vizuri. Unachopima pale ni wepesi wa kupita tu. Karatasi ya nyuzi za sintetiki inaweza kupitisha oili haraka na bado ikakamata chembe ndogo kuliko karatasi ya kawaida.

Tunachoweza kukiona sisi ni kazi ya kiwandani. Na kazi ikiwa mbovu, hata karatasi ya asilimia 99 haikusaidii.

Hatua ya kwanza, kabla ya kukata, igeuze filta uangalie mdomo wake. Haya matundu madogo ya pembeni ndiko oili chafu inakoingia. Tundu kubwa la katikati, lenye nyuzi za kufungia kama za skrubu, ndiko inakotoka ikiwa safi kwenda kwenye injini. Pitisha kitambaa cheupe humo. Hii ya kushoto, kitambaa kimetoka safi. Hii ya kulia, tazameni, kuna vipande vya chuma vinavyong'aa, mabaki ya kukata nyuzi. Vipande hivi viko upande wa oili safi. Hakuna karatasi ya kuvizuia tena. Vinakwenda moja kwa moja kwenye beringi siku ya kwanza ya oili mpya. Mimi kwa hili peke yake nimeshaiweka pembeni, ila tuendelee ili muone na ndani.

Hatua ya pili, chungulia kwenye matundu madogo. Utaona mpira mwembamba umefunika kwa ndani. Hiyo ni vali ya kuzuia oili isirudi kwenye sampu ukizima gari. Usukume taratibu kwa kijiti. Unatakiwa ulegee na urudi wenyewe. Mpira wa silikoni, ambao mara nyingi ni wa rangi ya machungwa au nyekundu, unavumilia joto kwa muda mrefu. Ule mweusi wa kawaida unakakamaa mapema zaidi. Rangi peke yake isikuridhishe, sukuma. Ukiwasha gari asubuhi na injini ikagonga sekunde mbili tatu ndipo ikatulia, shuku vali hii kabla hujaanza kufungua injini. Filta ilikuwa imebaki tupu usiku kucha, na injini ilikuwa inasubiri oili ifike.

Hatua ya tatu, tunakata. Filta iko kwenye jiriwa, napita na msumeno wa chuma kuzunguka ukingo wa juu. Kwa filta mpya msumeno unatosha. Ukitaka kukata filta iliyotumika ili utafute chembe za chuma kutoka kwenye injini, tumia kikatio cha mabomba chenye gurudumu, maana unga wa msumeno utakuchanganya.

Haya, karatasi hizi hapa. Marinda kama ya sketi ya shule. Ya kushoto yamekaa sawasawa, mbanano mmoja. Ya kulia yamelala upande, na hapa kuna uwazi ambapo kidole changu kinaingia. Nayakunjua na kupima: ya kushoto sentimita 115, ya kulia 70, na kimo ni kilekile. Eneo likiwa dogo linajaa uchafu haraka. Lakini msiishie kwenye kuhesabu marinda, angalieni gundi. Karatasi inatakiwa ishikwe juu na chini mzunguko mzima, na mshono wa wima usiwe na nafasi. Ishikeni kwenye mwanga kama mnavyokagua yai. Hapa, Hamisi, karibu zaidi. Mnaona ule mstari wa mwanga kwenye mshono? Oili inafuata njia nyepesi. Itapita hapo.

Nilishafungua filta ya gari lililotoka Newala, kilometa 4,000 tu tangu sevisi, nikakuta karatasi imebanduka yote kwenye gundi. Mwenye gari alikuwa analipia oili nzuri kila mara, na oili hiyo ilikuwa inazunguka bila kuchujwa. Iliniuma sana, kwa sababu filta ile niliifunga kwa mikono yangu.

Hatua ya nne, springi ya baipasi. Hii inafungua njia karatasi ikiziba, ili injini isikose oili kabisa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Kwenye nchi za baridi hufunguka hata asubuhi, oili ikiwa nzito. Kwa joto letu la Mtwara kinachoifungua zaidi ni filta iliyojaa. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kubadilisha oili mara mbili na filta mara moja. Bonyeza kwa kidole gumba: ya kushoto inakataa, ya kulia inazama kirahisi na kifuniko chake kimekaa upande. Hiyo itavuja muda wote. Magari mengine vali hii iko kwenye injini, kwa hiyo usishangae ukiikosa.

Bei kubwa peke yake si ushahidi, kwani feki zinafungwa kwenye maboksi mazuri sana. Ukinunua kwa ajili ya magari kadhaa, nunua moja ya ziada ukate.

Na ninyi mnaopanda Newala na Tandahimba msimu wa korosho, kwenye vipande ambavyo lami haijafika: lile vumbi jekundu lina mchanga mgumu kuliko chuma cha kawaida, na njia yake kubwa ya kuingia kwenye injini ni upande wa hewa. Kabla ya kulaumu filta ya oili, fungua boksi la filta ya hewa, kagua klampu na bomba la mpira. Ukikuta vumbi upande wa ndani, rekebisha hapo kwanza.

Sasa tunafunga filta nyingine ya aina ya kushoto. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Paka oili mpya kwenye mpira huu, zungusha kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono huohuo. Spana ya filta ni ya kufungulia. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Washa, subiri taa ya oili izime, chungulia chini kama kuna tone. Zima, kaa dakika tano, pima kwa kijiti cha oili cha gari, ongeza panapopungua. Halafu chukua kalamu ya wino mzito, andika kwenye kopo la filta tarehe na kilometa. Hamisi, soma hapo kwenye dashibodi.