Transfoma Ina Moto, au Kihisi Ndicho Kibovu?

Wapendwa watazamaji wangu wa nyumbani, karibuni tena. Kazi yangu huku ughaibuni ni kukagua vihisi vinavyolinda transfoma za msongo mkubwa, na leo ninajibu swali ambalo mafundi vijana huniandikia mara kwa mara: skrini ikionyesha kwamba transfoma imepata moto kupita kiasi, utajuaje kama tatizo liko kwenye transfoma au kwenye kihisi chenyewe?

Tuseme joto la mafuta lilikuwa nyuzi 62, na sekunde moja baadaye likasomeka 118. Transfoma kubwa hubeba tani nyingi za mafuta, na mafuta mengi kiasi hicho hayawezi kupanda nyuzi 56 kwa sekunde moja. Hupanda polepole yakifuata mzigo, kwa hiyo mchoro wenyewe umekwisha kukudokeza. Hata hivyo, siungi mkono ile tabia ya kusema "ni kihisi tu hicho" na kuzima kengele. Tazama kwanza mkondo wa mzigo, joto la koili, na geji ya mshale iliyo ubavuni mwa transfoma, ambayo aghalabu ina kihisi chake na haitegemei waya zile zile. Vyote vikiwa vimetulia, ndipo ukigeukie kihisi.

Kinachotumika sana ni Pt100, yaani platini yenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kila nyuzi moja ni takriban omu 0.385 tu, na hapo ndipo balaa linapoanzia: kwenye muunganisho wa waya mbili, terminali iliyolegea au kushika kutu ikiongeza omu 4, skrini itaongeza nyuzi 10 ambazo hazipo. Waya ukikatika kabisa, usomaji huruka juu. Waya zikigusana, huanguka chini kabisa. Kigeuzi, yaani kifaa kinachogeuza ukinzani wa kihisi kuwa ishara ya umeme, kikituma ishara ya miliampea 4 hadi 20, pima mkondo huo, kwani kwa mwongozo wa NAMUR, umoja wa watumiaji wa mitambo ya kujiendesha viwandani, miliampea 3.6 kushuka chini, au 21 kwenda juu, ni taarifa ya hitilafu wala si joto.

Jaribio ninalolipenda ni rahisi. Ukiwa na kibali, na amri ya kukata umeme ikiwa imefungiwa ili usiizime transfoma nzima, fungua waya za Pt100 kwenye kisanduku cha maunganisho na uweke mahali pake kikinza sahihi cha omu 100. Skrini inapaswa kusoma 0. Weka cha omu 138.5, isome 100. Ikikubali mara zote mbili, basi kebo, kigeuzi na skrini ni vizima, na ubovu uko upande wa kihisi. Lakini angalieni sana: kisanduku hicho hicho huweza kuwa na waya za transfoma za kupimia mkondo, na hizo haziachwi wazi kamwe mzigo ukiwa unapita, maana volti zinazozuka hapo zinaua.

Usomaji unaotetemeka hunipeleka kwenye ethi na kwenye wavu wa kinga wa kebo. Unaonitia wasiwasi zaidi ni mstari ulionyooka siku nzima, kwa sababu haupigi kengele yoyote, ilhali joto la kweli hupanda na kushuka na mzigo.

Kuna nyakati kihisi hupita kila jaribio na bado husoma chini kuliko geji. Hapo kichomoe uangalie mfuko wa chuma kinamokaa: ukiwa hauna mafuta, au kihisi kikiwa hakijafika mwisho, kinapima hewa iliyomo humo. Jaza mafuta, kisukume hadi kiguse chini, ulinganishe tena na geji, kisha uirudishe ile amri ya kukata umeme kabla hujaondoka.