Kwa nini paka wangu hatoki nje tena

Assalamu alaykum, hamjambo nyote, Mombasa, Lamu, Tanga, Unguja na popote mlipo. Leo sina safari wala duka la kuwaonyesha. Niko kwangu hapa Columbus, Ohio, na kamera nimeielekeza dirishani makusudi. Huyo aliyejilaza pale ni Zabibu. Wengi mmeniuliza mbona siku hizi haonekani uani. Basi nikaeni niwasimulie.

Mnajua mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Kwetu paka hafungiwi. Analala barazani, anazunguka vichochoroni, samaki wakipasuliwa yuko hapo anangoja matumbo, na jioni nyanya humwekea kichwa cha changu kwenye kisahani chake. Akikamata panya anasifiwa mtaa mzima. Nilipompata Zabibu huku nikafuata desturi ile ile: asubuhi namfungulia mlango wa nyuma, anatoka, arudi atakapo.

Mwezi wa tano mwaka jana, nimemaliza kuswali alfajiri, nasikia ndege wanapiga kelele. Si za kila siku, hizi zilikuwa za kuomba msaada. Nafungua mlango, Zabibu yuko kwenye ngazi na kitu mdomoni. Kinda. Huku kuna ndege anaitwa robin, ana kifua rangi ya chungwa, amejaa kila mtaa. Huyu mdogo kifua chake kilikuwa bado kina madoadoa, mkia mfupi kama kidole gumba, na pembeni mwa mdomo ana umanjano ule wa uchanga. Nikamtoa. Damu hakuna, mabawa mazima. Moyo wake unadunda kwenye kiganja changu mbio mbio hata siwezi kuhesabu. Na wazazi wake wawili wako juu ya kichwa changu, wanashuka karibu waniguse, wanapanda, wanashuka tena.

Wallahi nilikumbuka tuliyosomeshwa chuoni, wale masahaba waliochukua makinda wakiwa safarini, mama ndege akaja akitandaza mabawa, na Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia huzuni kwa ajili ya wanawe, akaamuru arudishiwe. Nimeisikia tangu utotoni. Asubuhi ile ndiyo nikaiona kwa macho.

Nikambishia hodi jirani yangu, mzee mmoja anayewawekea ndege mbegu. Akaniambia nisimwachie hivi hivi. Jino la paka ni jembamba kama sindano, tundu lake hulioni kwenye manyoya, lakini mate yake yana bakteria, na ndege aliyeng'atwa asipopewa dawa mara nyingi hufa baada ya siku mbili tatu, hata kama alionekana mzima. Kumlea mwenyewe nyumbani nako hairuhusiwi, robin ni katika ndege wanaolindwa na sheria ya mwaka 1918. Nikamtia kwenye boksi la viatu, nikamfunika kitambaa, nikampeleka kwa watu wenye kibali cha kutibu wanyama pori. Kesho yake wakanipigia simu. Amekufa.

Nilikuwa sijui kwamba kinda wa robin hutoka kiotani akiwa na siku kama 13, kabla hajaweza kuruka vizuri. Siku kadhaa anarukaruka chini kwenye nyasi na wazazi wanamlisha pale pale. Sungura wa huku naye huacha wanawe kwenye kijishimo katikati ya nyasi, amewafunika kwa majani makavu na manyoya yake mwenyewe, na hurudi kuwanyonyesha alfajiri na magharibi tu. Na mimi alfajiri ndipo nilipokuwa nafungua mlango! Mwaka 2013 watafiti wa Smithsonian, taasisi ya utafiti ya hapa Marekani, na wenzao walikadiria kwamba hapa Marekani paka wanaozurura huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Wengi wa ndege hao huuliwa na paka wasio na mwenyewe. Lakini huyu wangu ana mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Nikaamua Zabibu abaki ndani. Kumwambia mama kwenye simu, akashtuka. "Mwanangu, usimfungie paka. Umemsahau yule mwanamke?" Mnamjua, aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Maneno ya mama yalininyima usingizi siku mbili. Kisha nikamrudia kwa adabu: mama, yule alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Alimuua kwa njaa. Zabibu anakula, anakunywa, ana dirisha la jua. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi usimwache mpweke."

Hilo nimelishika. Kila jioni nachukua kijiti chenye unyoya, dakika kumi tunakimbizana sebuleni. Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha utafiti mwaka 2021: paka wanaotoka nje wakichezeshwa dakika tano hadi kumi kila siku, wanyama wanaowaleta nyumbani hupungua kwa asilimia 25, na wakipewa chakula chenye nyama nyingi hupungua kwa asilimia 36. Kengele ya shingoni, ambayo mimi niliitegemea, haikuonyesha tofauti yoyote. Na usiku nikisikia koyote wakilia upande wa mtoni, hao ni kama bweha wetu na paka kwao ni kitoweo, nashukuru wangu yuko miguuni pangu.

Siwaambii mfunge paka wote wa Mombasa. Huko makinda wanamalizwa zaidi na kunguru wa Bara Hindi. Ila nyinyi wa Gede na Watamu, mnaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, mna ndege ambao hawapatikani kwingi duniani. Nawaomba, paka wenu walale ndani, hasa usiku na alfajiri.

Mwaka huu robin wamejenga tena, tazameni pale juu ya bomba la maji ya mvua. Makinda wanne. Zabibu anawaangalia kutoka dirishani, mkia unacheza. Na mama kila akipiga simu, kabla hata ya kuniuliza habari zangu, anauliza, "Paka kala?"

Kala, mama.