Mtu wa Tano

Haya wapendwa, habari zenu. Wazee wangu mnaonitazama, shikamooni. Leo sina meza wala taa, nipo nje, na huu upepo mtausikia humo humo, mnisamehe. Nipo Fayetteville, Arkansas. Ngoja nigeuze simu... mnauona ule uwanja? Unaitwa John McDonnell Field. Una jina la kocha wa riadha. Ukumbi wa mbio za ndani una jina la ukoo wa Tyson, wale wenye kampuni ya kuku, lakini huu wa nje wamempa kocha.

Kilichonileta hapa ni dogo mmoja wa Katesh, kule kwetu Tanzania. Ameniachia sauti WhatsApp: "Kaka, niunganishe na kocha wa chuo huko, mimi wilaya nzima hakuna anayenikamata." Nikacheka. Halafu nikaona huyu asijibiwe kwa maandishi, maana kuna kitu wengi nyumbani hatukijui kuhusu kazi ya hawa makocha, na mimi mwenyewe nilikuwa sikijui mpaka mwaka jana.

Mwaka jana nilijitolea kwenye mashindano ya vyuo ya mbio za nyika, zile za kwenye majani na vilima, hapa mjini, pale Agri Park. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye kamba za mwisho, wakimbiaji wakiingia nisizuie njia, basi. Akaingia kijana wa kwanza, miguu mirefu, hata hajachoka sana. Mimi napiga makofi. Pembeni yangu kuna kocha wao, mzee ana kofia na saa mbili mkononi, na hampi yule kijana hata jicho! Ameinama juu ya kamba anatazama kule kilimani anahesabu: "Wawili... watatu... wanne..." Kisha kimya. Wanapita watu wa vyuo vingine, kumi, kumi na tano, mzee kimya, mdomo umemkauka. Mara akatokea kijana mfupi, tope mpaka kwenye paji la uso, anakimbia kichwa kimelala upande. Yule mzee alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia hata kanisani. Kijana alipodondoka mstarini, kocha akampita bingwa wake kama nguzo ya umeme, akaenda kupiga magoti kwenye majani kwa huyo wa ishirini na kitu.

Nikauliza, jamani, huyu vipi? Nikaambiwa: huyo ndiye mtu wao wa tano.

Nyika ya vyuo inahesabiwa hivi. Unaleta wakimbiaji saba, wanaohesabiwa ni watano wa mwanzo. Wa kwanza alama 1, wa pili 2, wa thelathini 30. Unajumlisha, mwenye alama chache ndiye bingwa. Ukifagia nafasi zote tano za juu una alama 15, chini ya hapo haiwezekani. Sasa wewe uwe na bingwa wa dunia, halafu mtu wako wa tano awe wa themanini, umekwisha. Kibarua cha kocha kimelala kwenye mapafu ya yule mfupi mwenye tope.

Sisi Watanzania hesabu hii tuliwahi kuicheza vizuri kuliko karibu wote, ila hatusimuliani. Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso walikuwa mabingwa wa nyika miaka minne mfululizo, 1978 hadi 1981. Huo mwaka wa mwisho walimaliza na alama 17. Kumi na saba! Jeshi lao lilikuwa la Waafrika. Suleiman Nyambui wetu alichukua ubingwa wa nyika wa mtu mmoja mmoja 1980, mwaka ule ule aliotuletea fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Na dogo wa Katesh, nyumbani kwenu hapo hapo, Gidamis Shahanga naye alisoma na kukimbia El Paso. Alishakuwa na dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola ya 1978 mkononi. Kawaulize wazee.

Turudi kwa huyu mwenye uwanja. McDonnell hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Ni mtoto wa shamba kutoka Mayo, Ireland, alizaliwa 1938, akaja huku kijana, akakimbia chuo Louisiana, akafundisha shule za sekondari. Mwaka 1972 Arkansas wakamchukua kufundisha nyika. 1978 wakampa riadha yote ya wanaume. Taji lake la kwanza la taifa unajua lilikuja lini? 1984. Miaka kumi na miwili! Siku hizi kocha akikaa mitano bila kitu ameshafungasha mabegi. Huyu walimwacha, na alipopata funguo hakufunga mlango: mbio za ndani alichukua 1984, 85, 86, akaenda hivyo hivyo bila kukosa hata mwaka mmoja mpaka 1995. Alipostaafu 2008 alikuwa na mataji 42 ya NCAA, hicho ndicho chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Baadaye mawili yakafutwa kwa ukiukaji wa taratibu uliomhusu msaidizi wake, yakabaki 40. Kumi na moja ya nyika, kumi na tisa ya ndani, kumi ya nje. Na katikati ya yote hayo alikuwa anafuga ng'ombe. Wambulu mtamwelewa. Alifariki Juni 2021.

Ninachompendea ni kwamba yeye alikuwa mtu wa mbio ndefu, na alijua mbio ndefu peke yake hazitoshi. Uwanjani hesabu inageuka, wa kwanza anapata pointi 10, wa pili 8, mpaka wa nane 1. Pointi ya kutupa tufe na pointi ya mita 10,000 ni ile ile. Kwa hiyo miruko akamwachia Dick Booth, na huko akatoka Mike Conley, bingwa wa Olimpiki wa miruko mitatu 1992. Mzee wa mbio ndefu anashinda kwa watu wanaorukia mchangani!

Sasa pesa, maana najua mnaisubiri. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya chuo cha daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili wa masomo 12.6, basi. Nyika, mita 100, mkuki, miruko, wote wagawane kumi na mbili nukta sita. Wanawake walikuwa na 18. Kocha anakaa na kalamu: huyu robo, huyu nusu, huyu vitabu tu. Ukisikia mtu kijiweni anasema "nimepata skolashipu Marekani," muulize nzima au kipande? Kipande, baki yake unalipa wewe, na ada za huku si mchezo.

Kuanzia msimu wa 2025/26 mambo yamebadilika baada ya kesi kubwa mahakamani. Kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano, kikomo cha ufadhili kimeondolewa, sasa kinachohesabiwa ni vichwa, yaani wanariadha kwenye timu: mwisho 17 nyika, 45 riadha. Mnaweza kufikiri ni neema. Kwa mtu wa juu, ndiyo. Lakini zamani kulikuwa na vijana wanajilipia, wanajiunga tu, wanapambana miaka mitatu mpaka wanakuwa mtu wa tano. Nafasi zao zimebanwa, na kocha aliyezoea kulea mtu taratibu sasa anatafuta aliyeiva. Ndiyo maana barua pepe nyingi za makocha zinaelekea Iten na Eldoret, Kenya. Mimi roho inaniuma kidogo, sijui nyie.

Kwa hiyo dogo wangu wa Katesh, nisikilize. Hiyo ya wilaya nzima iache. Nitumie muda wako wa mita 5,000 uliopimwa uwanjani, na tarehe yake. Nitumie matokeo ya kidato cha nne na cha sita, maana bila hayo kocha hata akikupenda ofisi ya usajili haikupokei. Uniambie ulimaliza shule mwaka gani, kwa sababu ukikaa nyumbani miaka unakimbia mashindano unaweza kukatwa misimu yako ya kukimbia chuoni kabla hujapanda ndege. Na uniambie ukweli: kuna siku umekuwa wa ishirini, tope usoni, na ukakazana wa ishirini na moja asikupite?

Simu inasema asilimia nne, na zamu yangu inaingia saa tisa. Hawa hapa wanatoka mazoezini, ngoja niwapishe njia... yule wa nyuma kabisa mnamwona, wa soksi nyeupe?