Gumba Halivutwi

Mazungumzo na madereva wa bodaboda na mafundi seremala, Temeke, Dar es Salaam

Shikamooni wazee. Vijana, habari za kazi. Mwenyekiti ameniomba, mimi daktari wenu, niguse majeraha na maradhi yote ya gumba, tangu kwenye kucha mpaka kifundo cha mkono. Nitajaribu. Walionisikia huko nyuma wanajua nitakwama wapi, kwenye gumba lililofunguka nje, na leo nitakwama makusudi.

Kazi ya gumba sitaieleza. Anayeshika patasi anaijua, anayehesabu noti anaijua. Kwa wanaopenda hesabu tu: katika mwongozo ambao madaktari wa Marekani hutumia kukadiria ulemavu, mkono unapogawanywa kwa vidole, gumba peke yake linapewa asilimia 40. Cha shahada 20, cha kati 20, cha pete 10, cha mwisho 10. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni kidole tu hicho," muulize ni kipi.

Haya. Dereva wa bodaboda anaumiaje gumba? Mara nyingi wala si ajali ya kujaza watu. Ni mchanga pembeni ya lami. Ni abiria ameshuka upande asiotegemewa, chombo kikalala. Wewe bado umeshika usukani, uzito unakuja, usukani unalisukuma gumba nje, mbali na kidole cha shahada. Pale chini ya gumba, upande unaotazamana na shahada, kuna ligamenti, yaani ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa. Huo ndio unaochanika. Golikipa anaupata mpira unapomkuta kiganja wazi. Wazungu wanaoteleza kwenye theluji wanaupata wakianguka na fimbo mkononi. Mwaka 1955 daktari mmoja, Campbell, aliandika kuhusu walinzi wa wanyama wa kuwindwa kule Scotland ambao ligamenti hiyo ililegea kwa kuvunja shingo za sungura miaka nenda miaka rudi. Sisi theluji hatuna, na sungura tunamchinja. Tuna bodaboda.

Sasa kijana mmoja wa Tandika. Jina lake silitaji, na wa Tandika msianze kutazamana. Alilala na pikipiki kabla ya Krismasi. Gumba la kulia likavimba, chini yake pakawa peusi. Akaenda zahanati, wakampiga eksirei, wakamwambia mfupa mzima, wakampa diklofenaki ya maumivu na pole. Mpaka hapo hajakosea kitu. Akarudi kijiweni. Kijiweni, kama mnavyojua, kila mtu ni daktari. "Hilo limeteguka, kalivute." Akapelekwa kwa mzee anayechua viungo. Maji ya moto yenye chumvi, mafuta, likachuliwa, halafu likavutwa mpaka likalia. Wote waliomsindikiza wakafurahi: limerudi!

Limerudi kutoka wapi? Halikuwa limetoka! Kiungo kilikuwa mahali pake, kilichokosekana ni kinachokishika. Mlio ule si dawa, hata mimi nikivuta vidole vyangu vizima vinalia. Na kama ligamenti ilikuwa imechanika nusu tu, ile nusu iliyobaki ndiyo mliyoivuta.

Kuna jambo nataka mlielewe leo hata mkisahau mengine yote. Ligamenti hii ikikatika yote, ncha yake inaweza kuruka juu ya utando wa msuli ulio jirani, na utando ule ukakaa katikati, kati ya ligamenti na mfupa iliponyofoka. Daktari wa Sweden aitwaye Stener alilieleza hili mwaka 1962. Ni kama shati lililochomoka suruali ikiwa imefungwa mkanda: kaza mkanda utakavyo, shati halirudi ndani lenyewe. Banzi, kile kibao cha kufungia kiungo kitulie, halitalirudisha, plasta gumu halitalirudisha, na mzee wa kuchua, pamoja na heshima yake yote, hatalirudisha. Hapo ni upasuaji: ncha inashushwa chini ya utando na kushonwa au kufungwa kwenye mfupa. Ukifanywa mapema, ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo, ni kazi isiyo kubwa.

Kijana wetu alikuja masika imekwisha. Uvimbe haukuwepo, maumivu kidogo tu. Shida yake? "Daktari, siwezi kugeuza ufunguo wa pikipiki." Anazungusha kwa mkono wa kushoto, anajipinda kama anatafuta kitu chini ya tangi. Kifuniko cha soda hakifunguki. Noti ya elfu kumi anaibana, abiria akiivuta kidogo tu inamponyoka. Nikalishika gumba lake nikalisukuma nje taratibu: linakwenda tu, halikomi. Ligamenti nzima inakomea mahali, unahisi kabisa imegota. Tunalinganisha na mkono mwingine kwa sababu watu wameumbwa tofauti, wengine wamelegea tangu kuzaliwa. Likizidi mwenzake kwa pembe ya nyuzi 15 hivi, au likafunguka kupita nyuzi 30 hadi 35, tunajua imekatika yote. Kwa miezi ile ligamenti ya zamani ilikuwa imesinyaa, haishoneki. Inabidi kuchukua kano, yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, kutoka sehemu nyingine, mara nyingi kwenye mkono, kutengeneza ligamenti mpya. Na kiungo kikishalika kabisa, kinachobaki ni kukigandisha mifupa ishikane, gumba lisiume lakini pale lisikunjike tena.

Namwona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua swali. "Mbona bibi yangu alivuta vidole vya kijiji kizima na vikapona?" Vingi vilipona, kweli. Vingi vilikuwa vimevutika kidogo na vingepona hata kwa kuachwa. Bibi alisifiwa kwa vilivyopona, na vile vilivyobaki vimelegea vilirudi shamba, vikashika jembe kwa vidole vinne, hakuna aliyevihesabu. Sigombani na bibi. Nasema wiki za mwanzo asilivute.

La pili, pesa. Hili silichekei. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni, na aliye kwenye mkataba akikosa marejesho chombo kinachukuliwa. Nikikwambia wiki sita bila kushika usukani, unaniona mtu wa ofisini. Lakini piga hesabu mwenyewe. Iliyochanika nusu, banzi linaloshika gumba na kifundo, wiki nne hadi sita, kisha mazoezi, basi. Iliyokatika yote ikiwahiwa: upasuaji, banzi kwa muda kama huo, na kazi nzito karibu mwezi wa tatu. Iliyochelewa: upasuaji mkubwa zaidi, muda mrefu zaidi, na gumba lisilofika lilipokuwa. Ipi inakula hesabu nyingi? Anzia zahanati upate rufaa, nenda hospitali ya Temeke au Amana au Mwananyamala kwa walio huko, na wao wakiona lazima watakupeleka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ukifika, usiseme "nimetegua kidole" ukakaa kimya. Sema: nilianguka, gumba likafunguka nje, na sasa nikibana kitu halina nguvu. Maneno hayo yatamfanya daktari alishike.

Na eksirei isidharauliwe. Ligamenti haionekani humo, ila wakati mwingine inanyofoka na kipande cha mfupa, kwa hiyo picha kwanza, kusukumasukuma baadaye. Penye utata, altrasaundi inasaidia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilijua. Sasa tukimbie.

Mafundi seremala wa Keko mmeninunia, zamu yenu hii. Msumeno wa mashine ukikata gumba likatengana: bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu. Usifunge mpira kwa kukaza mpaka mkono uwe mweusi. Usimwage kahawa, mafuta ya taa wala spiriti. Gumba lenyewe lisuuze kwa maji safi, lizungushie kitambaa safi chenye unyevu, litie kwenye mfuko wa plastiki, fungia, kisha mfuko huo ndio uweke kwenye maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama, inaiua. Kidole kilichopoozwa hivyo kinavumilia saa nyingi kuliko kilichosafiri mfukoni. Wajapani, Komatsu na Tamai, waliunganisha gumba lililokatika kabisa mwaka 1965. Lako litaunganishika au la, ataamua mpasuaji, lakini asiletewe lililotupwa kwenye vumbi la mbao. Na lindo la msumeno mnalong'oa ili mbao ipite haraka... nitanyamaza.

Nyundo ikipiga kucha, damu ikajaa chini yake, usiku hulali: mhudumu anatoboa kitundu kwenye kucha, damu inatoka, maumivu yanashuka papo hapo. Wahi siku hiyo au kesho yake. Spoku ya baiskeli iliyochomwa kwenye jiko la chipsi, hapana.

Ngumi. Mmepigana, au umeanguka gumba likiwa limekunjwa, maumivu yako kwenye shina kabisa la gumba. Huenda ni mvunjiko ambao Bennett wa Dublin aliueleza mwaka 1882: kipande kidogo kinabaki mahali pake, mfupa mkubwa unavutwa na kano kwenda kando. Ni mvunjiko unaoingia ndani ya kiungo, mara nyingi unahitaji pini. Ukiachwa, kiungo kinalika.

Umeanguka ukajikinga kwa kiganja, na panauma kwenye kile kishimo cha chini ya gumba, karibu na kifundo? Kuna kimfupa, skafoidi. Eksirei ya siku ya kwanza inaweza kukikosa. Unafungwa, unarudi baada ya siku 10 hadi 14 unapigwa nyingine. Damu yake inaingilia upande mmoja zaidi, ndiyo maana kikivunjika na kupuuzwa kinaweza kugoma kuunga.

Akina mama, nisameheni nimewaacha mwisho. Mama aliyejifungua, anambeba mtoto kwa kumkamata makwapani, magumba yamepanuka, mara ishirini kwa siku. Panaanza kuuma juu ya kifundo upande wa gumba. Kunja gumba ndani ya ngumi, inamisha mkono kuelekea kidole cha mwisho: ukiruka kwa maumivu, huenda ni kano zimevimba ndani ya ala yake. De Quervain, Mswisi, alilieleza mwaka 1895. Banzi, kupumzisha, kumbeba mtoto kwa kumwekea mkono chini ya makalio, ikishindikana sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe. Wachache sana hufika upasuaji.

Gumba linalokunjwa likakwama, kisha likafyatuka: kano imenenepa inakwama kwenye mlango wake. Wenye kisukari linawapata zaidi, na wao wakichomwa steroidi sukari inapanda siku kadhaa, kwa hiyo mwambie daktari kabla. Mtoto mdogo ambaye gumba halinyooki, usilinyooshe kwa nguvu, mlete.

Yabisi ya shina la gumba, yaani kiungo cha pale kimelika na kinauma, mama wa miaka hamsini anayeshindwa kukamua nguo: ilistahili saa nzima peke yake. Banzi, dawa za maumivu, sindano, na wachache wanaondolewa kimfupa kimoja cha pale chini. Mwenyekiti anipangie siku nyingine.

Simu? Kila mkutano ninaulizwa simu. Ndiyo, kuchati sana kunachosha kano. Iweke chini. Haya, mwenye gumba lililoumia mwezi huu aje hapa mbele nimshike sasa hivi, wa bodaboda kwanza, na wa Tandika msione haya.