Gonoleki wa mafunjo: kumtafuta Dunga Agosti hii

Haya watu wangu, tuko Dunga, kusini kidogo ya Kisumu mjini, na najua mnasema Agosti hakuna ndege. Ni kweli mbayuwayu wa Ulaya hawapo, wako kaskazini bado wanalea, wataanza kushuka kama Septemba wakae huku mpaka Aprili. Lakini wenyeji hawajaenda mahali, na saa hii wageni wa kukuchanganya ni wachache, kwa hivyo leo tunatafuta mmoja tu, gonoleki wa mafunjo, ndege wa kifua chekundu anayejificha ndani ya mafunjo, yale matete marefu ya kando ya ziwa.

Kwanza seti binokula ukiwa bado nchi kavu. Hii yangu ni 8x42, inavuta mara 8 na kioo cha mbele ni milimita 42, inatosha kabisa, zile za kuvuta mara 20 ukiingia nazo kwa boti utaona mtetemeko tu. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione safi, halafu fumba la kushoto, sasa zungusha kile kipete cha upande wa kulia. Ukishamaliza usikiguse tena.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umefika. Ziwa limetulia, lakini mchana upepo unaingia kutoka majini, mafunjo yote yanayumba na huwezi jua kama kilichosonga ni ndege ama ni upepo. Mwenye boti azime injini mapema apige kasia, na umuulize viboko wako wapi kabla hamjatoka, hiyo usiruke.

Sasa chagua ukingo mmoja wa mafunjo ukae hapo, nusu saa, hata zaidi, usizunguke. Sikiza. Wanaitana wawili, mmoja anaanza mwenzake anadakia haraka hadi unadhani ni sauti moja. Rekodi na simu, lakini tafadhali usimchezee sauti yake ndio atoke, ataona kama mwingine amevamia kwake, aache kula aje kupigana na simu yako.

Akitokea, usiangalie kifua! Kifua chekundu anacho pia gonoleki kichwa-cheusi, na huyo yuko vichakani kote hapa, anasogea mpaka kando ya mafunjo. Angalia utosi: wa mafunjo ana manjano iliyofifia kichwani na mstari mweupe kwa bawa, yule mwingine ni mweusi tii juu, bawa halina nyeupe. Yule kichwa-cheusi ataishi hata kwa ua la mtu, lakini huyu wetu haishi nje ya mafunjo, yakichomwa ama yakikatwa yote hana pa kuhamia. Watu hapa wanakata ya kusuka mikeka, ni kazi yao, wewe uliyekuja na kamera usivunje hata moja ndio upate picha.

Ukirudi pitia matopeni. Kuna kitwitwi mdogo, kahawia juu, tumbo jeupe, anatikisatikisa mkia bila kupumzika. Huyo ni mgeni, hawa wa matopeni hutangulia wenzao, Agosti wengine washafika. Andika tarehe na mahali, uweke eBird, ule mtandao wa kurekodi ndege walioonekana, siku hiyo hiyo kabla hujasahau.