Goti la Festo Limehamia Nyongani

ATUPELE: Kamwene, Festo.

FESTO: Ugonile, dada Atu. Wasikilizaji, lile goti langu si goti.

ATUPELE: Miezi mitano! Umelichua, umelifunga bandeji, mama mmoja wa Tukuyu akakutumia na majani!

FESTO: Na lilikuwa zima. Jumanne daktari akanilaza, akakunja mguu, akauzungusha kwa ndani. Nikapiga yowe. Maumivu yakatokea kinenani. Akasema nyonga ikiugua, mara nyingine goti ndilo linalolia. Eksirei haikuonyesha kitu, MRI, ile picha ya sumaku, ndiyo ikafichua. Kichwa cha mfupa wa paja, ule mviringo unaozunguka ndani ya nyonga, kuna kipande kimekufa. Hata nyonga ya kulia imeanza, na haiumi kabisa.

ATUPELE: Mfupa unakufaje na mwenyewe yu hai?

FESTO: Damu, dada. Mishipa inayolisha pale ni midogo na njia za kuzungukia ni chache. Damu ikikatika, mfupa unakufa. Wewe unaendelea kuukanyagia, siku moja unabonyea. Ukishabonyea hauwi mviringo tena.

ATUPELE: Kwa sababu gani sasa?

FESTO: Aliuliza kama niliwahi kuvunjika au kuteguka nyonga. Hapana. Selimundu? Hapana. Steroidi? Nikamtajia zile prednisoloni za pumu, nilizimeza miezi mingi. Akaandika.

ATUPELE: Ngoja hapo. Wewe unayemeza prednisoloni sasa hivi, usiziache ghafla kwa sababu ya Festo. Muone daktari wako. Haya.

FESTO: Akauliza pombe. Nikasema sinywi, nakunywa ulanzi tu, maji ya mwanzi.

ATUPELE: (anacheka) Yesu wangu!

FESTO: Mtogwa, dada! Mgema kaukinga asubuhi, mtamu, watoto wanakunywa.

ATUPELE: Huo unaununua Ipogolo, Iringa. Ukipita Makambako kifuniko kinavimba. Chimala kinaruka. Unashuka Uyole na mkangafu wa kulewesha harusi.

FESTO: Mimi nalegeza kifuniko njiani.

ATUPELE: Kulegeza kifuniko kunatoa gesi. Ulevi unabaki chupani!

FESTO: Nyie wa Mbeya hamna mianzi ya maana, mna wivu.

ATUPELE: Lita ngapi kwa siku, msimu wa mvua?

FESTO: Hatupimi kwa lita. Tunapima kwa mbeta.

ATUPELE: Mbeta ngapi?

FESTO: Tuendelee na mada.

ATUPELE: Na daktari ulimjibu hivyo?

FESTO: Alikuwa Mbena. Alielewa. Kisha akaandika "pombe".

ATUPELE: Matibabu?

FESTO: Kichwa hakijabonyea, kwa hiyo anataka kuutoboa mfupa, kupunguza shinikizo ndani, damu mpya ipate njia. Kikibonyea, kinachobaki kwa wengi ni kuweka nyonga bandia. Mimi nimesema nivune viazi kwanza.

ATUPELE: Festo, viazi?

FESTO: Amekiri mwenyewe kwamba kutoboa si lazima kusaidie. Nitoboke, nikae na magongo wiki kadhaa, halafu kibonyee vilevile?

ATUPELE: Na ukibeba magunia kibonyee kabla hajakutoboa? Una miaka 38. Nyonga bandia huchakaa, utarudi mezani uzeeni.

FESTO: Nitaajiri vijana wa kubeba.

ATUPELE: Wewe? Utasimama kandokando uangalie?

FESTO: Shamba ni langu, mguu ni wangu.

ATUPELE: Na magongo utakuja kuniomba mimi.

FESTO: Sikuombi.

ATUPELE: ...

FESTO: Sikuombi, nimesema.

ATUPELE: Sawa. Fundi ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Tulikuwa na mambo matano ya kuwaambia mnaoumwa nyonga.

FESTO: Tumesema mangapi?

ATUPELE: Moja. La pili tulilimwagia ulanzi.

FESTO: Lile la kupima nyonga zote mbili nimeligusa.

ATUPELE: Moja na nusu. Mama wa Tukuyu, majani yako asante, sasa tuma ya nyonga.

FESTO: Na kama yupo anayetoka Ipogolo wikiendi hii...

ATUPELE: Fundi, zima.